Damu Moto na Talaka ya Usiku

Nawasikia sana waume wakijitetea: "Mimi ndivyo nilivyoumbwa, damu yangu moto." Neno hili limenichosha.

Sikatai kwamba watu hatulingani tabia. Matabibu wa Kiyunani, na baada yao Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, walizihesabu nne: ya damu, ya balghamu, ya safura na ya sauda. Mwenye safura ndiye mwepesi wa kuhamaki. (Sisi Waswahili safura tumeigeuza maradhi ya kupungukiwa na damu, lugha nayo ina vituko vyake.) Lakini mtu mmoja alipomwomba wasia, Mtume (S.A.W.) hakumwuliza kaumbwaje. Alimwambia asighadhibike, akalikariri neno hilo. Tena katufundisha la kutenda: aliyesimama aketi, ghadhabu isipomtoka, ajinyoshe alale. Hilo hata mwenye safura analiweza.

Basi nawauliza, ndugu zangu, ni wangapi wanaomwendea Kadhi asubuhi wakitaka talaka ya jana usiku isihesabiwe? Nasi ni Mashafii: aliyetamka kwa hasira, na akili anayo, talaka imepita. Watoto waliolala kwao wataamkia kwa bibi yao. Laiti baba yao angaliketi kitako.