Mji wa Biashara Usio na Wakaaji

Yako maoni yapendwayo na baadhi ya wasomi wetu, kwamba Mji Mkongwe wa Unguja hauna budi kugeuzwa mtaa wa biashara wa kisasa: ofisi, maduka makubwa na mahoteli, na wakaaji wake wahamie Fuoni na Tunguu. Maoni haya huvikwa joho la maendeleo, na ayapingaye huitwa adui wa kesho. Mimi nayapinga.

Kwanza yanaikosea historia. Mji Mkongwe hauhitaji kufunzwa biashara. Karafuu, pembe na nguo zilipita humo, na, tusifiche, watu pia waliuzwa humo mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Nyumba zenyewe zilijengwa kwa kazi hiyo. Tazama njia za Hurumzi, Kiponda na Darajani: chini duka, juu makazi, na mwenye duka akishuka ngazi amekwisha fika kazini. Mbele ya nyumba nyingi ipo baraza, ambapo mnunuzi, jirani na mpita njia hukaa pamoja. Deni liliandikwa kwa sababu mkopeshaji alimjua mkopaji, alikijua kizingiti chake, na aghalabu alimjua na babaye. Ondoa ujirani huo, na biashara itakayosalia ni ya mgeni kumwuzia mgeni.

Twaambiwa majumba yamechakaa. Ni kweli, lakini nani aliyachakaza? Beit-al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, likaua watu wawili. Nalo halikuwa na familia hata moja ndani yake. Nyumba zenye watu nazo huanguka, sikatai. Nyingi zilichukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, wakatiwa wapangaji kwa kodi ndogo, na ukuta wa mawe na chokaa, utakao mkono kila baada ya masika, ukakosa mwenyewe.

Wengine hutukumbusha Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililofukiwa. Huko, kwa kufuata ramani ya mwaka 1968 iliyochorwa na Wajerumani wa Mashariki, mitaa ilivunjwa na majumba marefu ya Michenzani yakasimamishwa. Mengi yaweza kusemwa juu ya ubomozi ule. Lakini Mzee Karume alibomoa ili watu wakae. Hawa wa leo wataka watu waondoke!

Wala tusijifariji kwa jina la UNESCO, lililoandikwa juu ya mji huu mwaka 2000, wala kwa Mamlaka ya hifadhi iliyoundwa mwaka 1985. Hoteli ya Mambo Msiige, Shangani, ilifunguliwa mwaka 2015 juu ya malalamiko ya UNESCO yenyewe. Na hata pale sheria inaposhika, hupima kimo cha ukuta na umbo la dirisha. Haimwulizi mtu nani atalala ndani.

Nitakalo ni dogo. Kila ruhusa ya kugeuza nyumba iwe hoteli au ofisi iache ghorofa moja ya wakaaji wa kudumu, kwa kodi iwezekanayo. Na nyumba za wakfu zipangishwe kwa wakaaji kabla ya mwingine yeyote. Wenye mitaji watasema hesabu haitoki. Basi na waiweke hesabu hiyo hadharani, tuisome.