Ushauri kwa Wanafunzi wa Uhandisi Barani: Nafasi ya Kiswahili Iliyosahauliwa

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mkabala wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake. Jina lilikuwa la wenyeji, ilhali utaalamu ulitoka ng'ambo. Zaidi ya nusu karne baadaye, inafaa kuuliza: kijana wa Ngomeni, Gongoni au Ganze anayetamani kuwa mhandisi huongozwa na nani, na kwa lugha gani?

Njia yenyewe ni ndefu na ina mitego. Shahada ya uhandisi nchini Kenya huchukua miaka 5, na masomo yake hufuatana kama vidato vya ngazi: anayeteleza katika hisabati ya mwaka wa kwanza hutetereka hadi juu. Tena, anayehitimu hana budi kuandikishwa na Bodi ya Wahandisi, ambayo haitambui kozi isiyoidhinishwa. Mitego mingine hutangulia chuo. Katika mfumo wa 8-4-4, ambao sasa unaelekea ukingoni, mwanafunzi anayeiacha Fizikia katika shule ya upili hujifungia mlango wa uhandisi, pengine bila kujua. Mfumo wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, umeutanguliza uamuzi huo: mkondo huchaguliwa mwanafunzi akiwa Gredi ya 9.

Hapana shaka vyuo vina washauri wa kitaaluma. Hata hivyo, ushauri unaoishia katika kutia saini fomu ya usajili si ushauri. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani huingia ofisini kwa haya, akasomewa kanuni kwa Kiingereza cha kisheria, akatikisa kichwa na kutoka bila kuelewa kama atarudia somo au mwaka mzima. Mzazi wake, aliyeuza mbuzi ili kulipa karo, hupata habari mambo yameshaharibika. Kweli, dau la mnyonge haliendi joshi.

Wapo watakaopinga kwamba uhandisi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, hivyo kushauri kwa Kiswahili ni kumpotosha mwanafunzi. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Mtihani hupima maarifa. Ushauri hutafuta kiini cha tatizo, na mtu hulieleza tatizo lake vyema kwa lugha anayoimudu. Isitoshe, mhandisi wa maji atakayehudumu Baricho, ambako maji ya Mto Sabaki huvutwa kwenda Malindi, Kilifi na Mombasa, atalazimika kuwaeleza wanavijiji kazi yake. Hatawaeleza kwa fomula.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia. Wa Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi wanaweza kushirikiana na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kuandaa mwongozo mfupi wa Kiswahili unaoeleza masomo yanayohitajika, kozi zilizoidhinishwa, utaratibu wa kurudia mtihani na hatua za kuandikishwa. Mwongozo huo usomwe katika shule za Magarini, Ganze na Kaloleni kabla ya wanafunzi kuchagua masomo, na wazazi wawepo. Vyuo navyo vimpe kila mshauri idadi ya wanafunzi anayoweza kuimudu, na vimtake akutane nao kabla ya mitihani, si baada ya matokeo.

Taaluma ya Kiswahili imejadili kwa muda mrefu uundaji wa istilahi za sayansi. Istilahi zinazobaki kabatini hazimfai mtu. Zitamfaa kijana wa Barani siku atakapoketi mbele ya mshauri wake, aulize bila haya, na ajibiwe akaelewa.