Mgongo Kombo, Miguu Mizima

Tulipowazuru jamaa zetu Kericho, tulielezwa habari ya binti yao wa miaka 14. Mamake alimwona katika rukuu, upande mmoja wa mgongo umenyanyuka kuliko wa pili. Nao madaktari humwinamisha mtoto vivyo hivyo wanapotafuta uti uliopinda kwa upande, maradhi yaitwayo skoliosisi.

Bibi yake akapiga marufuku kupanda vilima vya majani chai kwenda shule, akamwamuru na kuswali kwa kukaa, akihofu miguu itakatika nguvu. Hapo tulitofautiana naye, kwa adabu. Ruhusa ya kukaa ni ya asiyeweza kusimama, na binti huyu anaweza. Aghlabu skoliosisi ya umri huu haidhoofishi miguu, na kutembea hakuipindishi zaidi. Kinachohofiwa ni kimo kinachoendelea kurefuka. Kwa hiyo hupigwa picha na kupimwa mara kwa mara: pindo la nyuzi 25 hadi 40 kwa anayekua huenda likahitaji mkanda mgumu wa mgongo, na likipita 50 hufikiriwa upasuaji.

Lakini mguu ukilegea au kuburura, ukaingia ganzi, au mkojo ukaponyoka, hilo ni jambo jingine. Huenda uti wa mgongo umebanwa ndani, au kifua kikuu kimeingia mifupani. Asingojewe hata siku moja. Tenwek, huko Bomet, wako mabingwa wa mifupa. Ni hospitali ya misheni, wala hapana ubaya kutibiwa huko.

Bibi amekubali binti aende kwa miguu, ila mkoba wa vitabu hubebwa na kakake.