Udongo uwahi ungali maji

Mwezi wa Aprili, shule zikiwa zimefungwa na mvua za masika zikinyesha, mama mmoja wa Mombasa alimleta kwangu mwanawe wa kiume wa miaka minne. Alikuwa amemtoa kwa nyanya yake huko Samburu kabla likizo haijafika nusu. Hapa nazungumzia Samburu ya Kwale, iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, wala si ile kaunti ya kaskazini.

"Daktari," akasema, "nimemkuta amekaa matopeni na wenzake wanafinyanga ng'ombe. Nataka apimwe minyoo leo leo." Nilipokuwa nikimpima, akaongeza kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Na mwalimu wake wa chekechea analalamika kuwa kalamu haimkai mkononi. Au ana ugonjwa wa mishipa?"

Mama huyu alikuja na swali na jawabu lake kwa pamoja, ila hakujua.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina vifupa vinane. Mtoto anapozaliwa, hata kimoja hakijawa mfupa kamili. Vyote ni gegedu laini, na huwa vigumu kimoja baada ya kingine kadiri miaka inavyosonga. Mtoto wa miaka minne bado ana karibu nusu yake tu, na cha mwisho humalizika akikaribia ujana. Sasa mkono kama huo ndio tunaoulazimisha kujaza kurasa za herufi kila jioni, halafu tunashangaa ukichoka.

Kinachouandaa mkono huo si kalamu, ni kazi za mikono zilizo mchezo. Mtoto akikanda udongo, misuli ya kiganja hupata nguvu. Akibana pembe za ng'ombe wake, kidole gumba na cha shahada hujifunza kushirikiana, na hivyo ndivyo vidole vinavyoibeba kalamu. Akihesabu miguu minne na kukuta mmoja umepungua, hapo amefanya hisabati bila kuchapwa. Mwanawe mama yule hakuwa na ugonjwa wowote wa mishipa. Alikosa mazoezi tu, na mazoezi yenyewe ndiyo aliyoondolewa.

Vitabu vya kazi za mikono tunavyonunua madukani mara nyingi vimetoka ng'ambo. Vinamtaka mtoto akate karatasi za maua ya majira ya kuchipua, majira ambayo huku kwetu hayapo. Sisi tuna kalenda yetu, tena ni ya bure. Masika, baina ya Machi na Mei, ni wakati wa udongo. Kusi likivuma, baba na mwana watengeneze tiara ya karatasi na njiti. Baada ya mavuno ya mahindi kuna mabua ya kuundia magari. Na anayeishi Diani au Msambweni ana kuti la mnazi mwaka mzima: saa ya mkononi, pete, feni ya kukimbia nayo. Wa miaka mitatu atakanda na kurarua. Wa minne atabana na kutunga. Wa mitano ataweza kusuka ukuti, mzazi akimwanzishia.

Hata mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, umezipa shughuli za ubunifu nafasi yake katika madarasa ya awali. Tatizo mara nyingi ni sisi wazazi. Tukikuta daftari jeupe tunamwandama mwalimu: "Mbona haandiki?" Kisha nyumbani tunampa mtoto simu ili atulie. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka huo huo wa 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora.

Hata hivyo, hofu ya mama yule si ya kupuuzwa. Minyoo ya safura ipo Kwale, na huingia kupitia ngozi ya miguu mitupu. Utafiti uliofanywa huko kati ya 2015 na 2017 ulionyesha kuwa minyoo hiyo hupungua zaidi dawa ikipewa jamii nzima kuliko ikipewa watoto wa shule peke yao. Kwa hiyo mtoto akipewa dawa, na wakubwa wa nyumbani wasikose. Kichocho nacho kimejulikana Msambweni kwa miaka mingi, na hukaa katika maji ya madimbwi na mito yenye konokono.

Basi tufuate masharti haya. Udongo achimbe mtu mzima, mahali pakavu palipo mbali na choo na dimbwi, kisha auloweshe kwa maji safi nyumbani. Mtoto avae viatu, akae juu ya mkeka. Akimaliza, anawe kwa sabuni na kucha zake ziwe fupi. Mabua yamenywe na mkubwa, kwa kuwa ganda lake hukata kama wembe. Asichezee mbegu za mbarika wala zile nyekundu zenye doa jeusi ziitwazo macho ya tipitipi. Zote mbili zina sumu kali zikitafunwa. Punje ikiingia sikioni, usimwage maji wala usichokoe kwa kijiti, maana punje hufura. Mpeleke hospitali.

Wala usidhani mwanasesere wa dukani ni salama kwa sababu ametoka kwenye boksi. Zile betri ndogo za duara mfano wa kitufe, mtoto akimeza moja ikakwama kooni, zaweza kumuunguza ndani kwa muda wa saa mbili. Hiyo ni dharura, usingoje asubuhi.

Nilimpima mtoto yule, nikampa dawa ya minyoo aliyostahili, kisha nikamwambia mama amrudishe kwa nyanya yake amalize likizo, na viatu vyake. Alinitazama kama aliyedhulumiwa. Mwanawe naye alitoa mfukoni ng'ombe mkavu aliyevunjika pembe moja, akaniuliza kama hospitali yangu ina gundi.

Ewe mzazi, mvua ikinyesha tena, chota bakuli moja la udongo safi, ukae chini na mwanao kwa nusu saa. Daftari litamngoja, mikono yake inakua sasa.