Shule Inayouliza Imejifunga Kutenda

Ni desturi njema shule ya binafsi, na hasa shule ya Kanisa, kuwapelekea wazazi karatasi ya maoni juu ya ufundishaji, chakula, mabweni na karo. Lakini anayeuliza amejifunga. Karatasi zikijazwa na kufungiwa kabatini, wazazi wamefanyiwa dhihaka, wala hawatasema kweli mara ya pili.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Tamko hilo hilo liliitaka shule ya Kikatoliki iwajali hasa maskini. Hapo ndipo penye mtihani. Shule ya binafsi huishi kwa karo, na sauti ya mwenye karo husikika upesi. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya deni, mzazi wake haletewi karatasi yoyote. Basi maoni ya waliobaki yatatuelezaje kwa nini wengine wameondoka?

Kuanzia mwaka 2010, mpango wa Uwezo uliwatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba katika wilaya za Tanzania, kupima kama watoto wanaweza kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili. Kwa kuwa walikwenda nyumbani, waliwafikia hata watoto wasiokuwa shuleni. Sisi tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo zinaijua kila nyumba. Zitumwe. Bibi anayemlea mjukuu huko Tarime au Serengeti aulizwe kwa mdomo, kwa Kikurya au Kingoreme, wala asipewe karatasi ya Kiingereza. Jina lake lisiandikwe, kwa maana mwenye deni hawezi kumlaumu kwa uhuru yule anayemdai.

Akiulizwa hivyo, huenda asiombe kusamehewa karo. Huenda akaomba tu kulipa baada ya kuuza mahindi au kahawa. Ni kweli kwamba mishahara ya walimu haingoji mavuno. Kwa hiyo shule nayo iwaonyeshe wazazi hesabu zake, ili wapange pamoja awamu za malipo zinazowezekana.

Wanafunzi nao waulizwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wilaya zetu zinajua msimu wa ukeketaji, ambao mara nyingi huangukia likizo ya Desemba. Kituo cha Masanga wilayani Tarime na Nyumba Salama ya Mugumu vimewapokea wasichana waliokimbia kisu. Msichana wa bweni akiulizwa kwa siri na mwalimu wa kike anayemwamini, aweza kusema kwamba anaogopa kufunga shule. Jibu hilo moja laweza kudai bweni libaki wazi, au apatikane mtu wa kumpokea mahali salama.

Hapa tuseme wazi: maoni ya wengi si kipimo cha haki. Wazazi wengi wakiandika kwamba shule isiingilie mila, shule haina ruhusa ya kutii. Sheria ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na heshima ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu haipigiwi kura. Maoni hutusaidia kuona. Kuamua na kutenda ni wajibu wa dhamiri iliyolelewa na Injili.

Kwa hiyo viongozi wa walei walio katika bodi za shule wadai mambo matatu. Kwanza, matokeo yasomwe hadharani katika mkutano wa wazazi kabla muhula unaofuata haujaanza, bila kufichua siri ya mtoto yeyote. Pili, shule iseme itakalotenda, nani atalitenda na lini. Tatu, iseme pia lisilowezekana, na sababu yake. Mwaka ujao, kabla ya kuuliza tena, itoe kwanza hesabu ya ahadi za mwaka huu.

Shule ikifanya hivyo, hata mzazi aliyekataliwa ombi lake atajua kwamba alisikilizwa. Na pale ambapo maskini anasikilizwa, amani ina mahali pa kuanzia.