Karakana ya Kamba ya Rochefort: Madai Manne na Majibu Yake

Rochefort ni mji wa magharibi mwa Ufaransa, kando ya Mto Charente. Hapo limesimama jengo lenye urefu wa mita 374, Corderie Royale, karakana iliyosokota kamba za meli za kivita za mfalme Louis wa 14. Liliungua mwaka 1944, kisha likakarabatiwa. Wanaopinga kuhifadhi majengo ya namna hii wana hoja zao, nazo zinastahili majibu.

Dai la kwanza: urefu ule ni majivuno ya mfalme. Hapana, ni mahitaji ya kazi. Kamba kuu ya meli ilitakiwa ifike takriban mita 200 bila kiungo, na nyuzi zikisokotwa hupungua karibu theluthi moja ya urefu wake. Fundi alihitaji basi kunyoosha nyuzi kwa takriban mita 300, katika mstari mmoja, mahali pasipofika mvua. Msanifu François Blondel angelifupisha jengo, kamba zingekuwa fupi pia.

Dai la pili: jengo la kwenye kinamasi halifai kugharimiwa. Ni kweli ardhi ile ni tope tupu. Wajenzi walioanza kazi mwaka 1666 walilijua hilo, wakatandaza kwanza magogo ya mwaloni yaliyounganishwa kama chelezo, ndipo wakapandisha kuta juu yake. Kuta hizo zina zaidi ya miaka 350. Ufundi wa namna hiyo ni sababu ya kulitunza jengo, wala si ya kuliacha.

Dai la tatu: lililopo leo ni bandia. Agosti 1944, wanajeshi wa Ujerumani walilichoma moto walipokuwa wakiondoka. Paa na sakafu viliteketea, vichaka vikaota ndani, lakini kuta za mawe hazikuanguka. Mwaka 1967 magofu hayo yaliorodheshwa kuwa urithi wa kihistoria wa taifa, na katika miaka ya 1970 na 1980 jengo likarudishiwa kile ambacho moto ulikiondoa. Kuziba pengo juu ya kuta za asili si kughushi.

Dai la nne: kulihifadhi ni kutukuza vita. Hili ndilo dai zito kuliko yote. Kamba hizi zilihudumia vita, hakuna anayekanusha. Lakini katika eneo la kijeshi lililolizunguka jengo, tangu miaka ya 1760 hadi 1852, wafungwa walitumikishwa kazi ngumu wakiwa na minyororo. Wafalme wana sanamu na vitabu vya kuwakumbuka. Wafungwa na wasokotaji wamebakiwa na mahali walipofanyia kazi. Kulibomoa jengo kungewafuta wao kwanza. Leo ndani yake wageni huonyeshwa jinsi kamba inavyosokotwa, na taasisi ya umma inayolinda fukwe za Ufaransa ina ofisi zake humo.

Uamuzi wangu ni kwamba Rochefort walifanya haki. Nawe msomaji, ukisikia karakana kuukuu ya jeshi, reli au bandari inatakiwa kubomolewa, uliza kwanza nani walifanya kazi mle na kwa ufundi gani. Jibu lipatikane kabla tingatinga halijafika.