Bajeti isigombaniwe mgongoni mwa mkulima

Desemba 22, 2018 Serikali ya Marekani ilianza kufunga sehemu ya ofisi zake, zikakaa hivyo siku 35. Rais Donald Trump alitaka Dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta mpakani na Mexico, Bunge halikuziidhinisha. Watumishi wapatao 800,000 walikosa mishahara.

Walioumia si wao peke yao. Ofisi za wilaya zinazohudumia wakulima nazo zilifungwa, mikopo mipya ya msimu ikakwama. Ripoti ya Serikali ya Januari 2019 kuhusu makadirio ya mazao haikutoka, muuza mahindi na soya akabaki kubahatisha bei. Mwaka 2025 mvutano wa bajeti ulijirudia, safari hii kwa siku 43.

Hatupingi wabunge kuibana Serikali kuhusu fedha za wananchi. Ndiyo kazi waliyotumwa. Lakini mvua haisubiri wanasiasa waelewane. Rai yetu ni kwamba sheria ya bajeti ya nchi yoyote iseme wazi: wakubwa wasipoafikiana, huduma ziendelee kwa viwango vya mwaka uliopita. Fahali wabishane, nyasi zisikanyagwe.